UPEPO WA CHINI YA MLANGO NA NJIA RAHISI ZA KUUZUIA

Ninyi mnaotoka pwani na sehemu nyingine za joto mtanisamehe, maana makala haya hayatawafaa sana mkiwa kwenu. Lakini mkiwa hapa shuleni mwezi wa Julai, wakati blanketi moja halitoshi, huenda mkayakumbuka.

Kwetu ni Makete, katika Mkoa wa Njombe, si mbali na uwanda wa Kitulo ambao uko kiasi cha mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Miezi ya Juni na Julai upepo wa kusi hutuletea ukungu na baridi, na usiku ambao mbingu ni nyeupe bila mawingu huanguka sakitu, yaani umande ulioganda, hata asubuhi majani ya viazi huonekana kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Watu wa kwetu hujua sana kupigana na baridi kwa makoti na kwa moto. Ila ukiwauliza baridi inaingilia wapi ndani ya nyumba, wengi hutazama juu kwenye bati. Mimi pia nilidhani hivyo mpaka tulipofundishwa habari za joto katika Fizikia, nikaenda likizo nikiwa na rula mfukoni.

Hebu tuanze na hesabu, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya niandike. Mlango wa chumba cha bibi yangu una upana wa sentimita 80. Chini yake palikuwa na mwanya wa sentimita 2. Mtu akiutazama mwanya huo huona ni kitu kidogo tu, mstari wa mwanga. Lakini zidisha 80 kwa 2, utapata sentimita za eneo 160. Ni sawa na tundu la mraba ukutani lenye upande wa sentimita 12 na nusu hivi, tundu ambalo paka hupita bila taabu. Nani angekubali kulala mwezi wa Julai na tundu kama hilo karibu na miguu yake? Hata hivyo twalala nalo kila siku, kwa sababu tu limelala chini, refu na jembamba.

Tuendelee. Chumba chenyewe kina urefu wa mita 3, upana wa mita 3, na kimo cha mita 2 na nusu. Basi hewa iliyomo ni mita za ujazo 22.5. Tukichukulia kwamba upepo mdogo unaingia chini ya mlango kwa mwendo wa nusu mita kwa sekunde, mwendo ambao hauwezi hata kutikisa jani la mgomba, basi kwa saa moja zitaingia mita za ujazo 28.8 za hewa ya nje. Maana yake hewa yote ya chumba hubadilishwa kwa muda wa dakika 47 hivi, na kwa usiku wa saa 8 hubadilishwa mara 10. Bibi alikuwa akipasha joto hewa ya kijiji kizima.

Wenzangu naomba mwikumbuke hesabu hii, maana nitairudia kabla sijamaliza, nayo itakuwa na sura nyingine.

Sababu ya hewa kuingilia chini si upepo wa nje peke yake. Hewa ya ndani ikipata joto hupungua uzito wake, hupanda, ikatokea juu kwenye nyufa za dirisha na mahali ukuta unapokutana na paa. Ikitoka hiyo, hapana budi nyingine iingie kuchukua nafasi yake, nayo ni ile ya baridi, nzito, ambayo hupita chini na kutambaa sakafuni. Ndiyo maana anayelala kwenye mkeka huumia zaidi kuliko aliye kitandani, na aghalabu anayelala kwenye mkeka ni mtoto.

Nilimwuliza mjomba wangu, ambaye ni fundi seremala, kwa nini mafundi huacha mwanya. Nilidhani atakasirika, lakini alifurahi kuulizwa. Alisema mlango unaofunguka kwa ndani hupita juu ya sakafu kama mkono wa saa, na sakafu zetu hazijanyooka. Fundi hulazimika kukata mlango kwa kufuata mahali sakafu ilipoinuka zaidi, la sivyo utakwama katikati. Tena sakafu ya udongo hufagiliwa kila asubuhi, na ufagio huondoa udongo kidogo kidogo, hasa pale kizingitini ambapo watu hukanyaga. Mlango ulioachiwa nusu sentimita leo utakuwa na sentimita 2 baada ya miaka kadhaa, bila mlango wenyewe kubadilika. Kuhusu mbao mbichi alinieleza kwamba ubao ukikauka hunywea kwa upana, si kwa urefu. Kwa hiyo mlango wa mbao zilizosimama haupungui kimo, bali hufanya nyufa kati ya ubao na ubao. Basi ukitaka kulaumu mbao mbichi, laumu nyufa za katikati. Mwanya wa chini ni kazi ya ufagio.

Sasa nieleze njia zenyewe. Kwanza yafaa kupima. Wakati wa mchana funga mlango, kaa ndani gizani, utazame mwanga unapopenya. Usiku kata karatasi nyembamba ya daftari, uishike karibu na mwanya. Itapeperuka palipo na upepo. Usitumie mshumaa karibu na mapazia au neti ya mbu. Kisha pima mwanya sehemu tatu, upande wa bawaba, katikati, na upande wa kitasa, kwa maana mlango wa zamani huning'inia. Ule wa bibi ulikuwa sentimita 2.5 kwenye bawaba na 1.5 kwenye kitasa.

Njia ambayo kila mtu anaijua ni kusukuma gunia au nguo kuukuu chini ya mlango. Ni njia nzuri kwa usiku mmoja. Lakini nguo hunywa maji ya mvua, na ukitoka usiku kwenda chooni huwezi kuirudisha ukiwa nje, kwa hiyo aliyebaki ndani hupigwa na baridi mpaka urudi.

Iliyo bora kidogo ni kushona mfuko mrefu kwa mguu wa suruali iliyochakaa na kuujaza mchanga mkavu. Mchanga ni mzito, upepo hauusogezi. Wengine hujaza pumba za mahindi, nami nilijaribu. Siku ya tatu tulisikia panya.

Njia iliyonipendeza zaidi katika zile za nguo ni ya mifuko miwili iliyoungana. Chukua kipande cha kitenge au shuka kuukuu lenye urefu sawa na upana wa mlango na upana wa nusu mita. Kunja pindo moja ushone mfuko mnene kama mkono, fanya vivyo hivyo kwenye pindo la pili, na katikati acha kitambaa bapa kisichojazwa, kipana kama unene wa mlango, sentimita 4 hivi. Jaza mifuko kwa maranda ya seremala. Hapa usitie mchanga, maana twataka kitu chepesi. Pitisha kile kitambaa bapa chini ya mlango, mfuko mmoja ubaki ndani na mwingine nje. Mlango ukifunguliwa, kitu chote huenda pamoja nao, na ukifungwa hurudi. Maranda mjomba alinipa bure, uzi na sindano ni vya bibi, hivyo gharama ilikuwa hakuna. Kasoro yake ni kwamba ule mfuko wa nje hulowa, kwa hiyo unafaa zaidi kwa milango ya vyumba vya ndani.

Kwa mlango wa nje nilitumia mpira. Tyubu ya baiskeli iliyotobokatoboka haina kazi tena kwa fundi baiskeli. Mimi niliuziwa shilingi 500, lakini rafiki yangu aliipata kwa kusalimia vizuri tu. Ipasue kwa urefu, ioshe unga uliomo ndani, halafu kata utepe wa upana wa sentimita 5 na urefu sawa na mlango. Upigilie kwenye mlango kwa misumari midogo, na kila msumari uupitishe kwanza katika kizibo cha soda, kwani msumari peke yake hupasua mpira na baada ya wiki utepe wote huanguka. Vizibo hushika vizuri, na vikipangwa kwa rangi hupendeza. Utepe uache ushuke chini ya mlango ukizidi mwanya kwa nusu sentimita, upate kulalia sakafu. Ukizidisha, mlango utakuwa mgumu kufunguka.

Swali ni kama utepe upigiliwe ndani au nje. Mimi niliupigilia ndani nisije nikaloweshwa na mvua, na usiku wa kwanza upepo uliunyanyua kama ulimi. Niliung'oa, nikaupigilia nje. Upepo ukivuma sasa huusukuma utepe dhidi ya ubao wa mlango wenyewe, na kadiri unavyovuma ndivyo unavyojizibia njia.

Njia ya kudumu ni kuinua kizingiti. Hukaa upande wa nje, mlango ukifungwa unakiegemea. Mwenye uwezo hutumia saruji sehemu 1 na mchanga sehemu 3, akikilowesha kizingiti kwa siku 7 ili saruji ishike vizuri, na kukiinamisha kidogo kuelekea uani ili maji ya mvua yatiririke. Asiye na saruji huchukua udongo wa kichuguu, ambao hushikamana kuliko udongo wa kawaida, akaushindilia ukiwa na majimaji. Kizingiti cha udongo hutengenezwa upya kila mwaka. Bibi husema kwao kilifanywa kila baada ya mavuno, na watoto wakikikanyaga walichapwa.

Nyufa za kati ya mbao huzibwa kwa karatasi za magazeti zilizolowekwa na kupondwa pamoja na uji wa unga wa muhogo. Hapo sina la kuongeza.

Hayo yote niliyafanya katika likizo ya Juni iliyopita kwenye chumba cha bibi, ambamo hulala yeye na mtoto wa mama mdogo mwenye umri wa miaka 6. Chumba kina mlango wake unaofunguka uani. Niliweka utepe wa mpira, nikaziba nyufa za mlango, na kwa kuwa kazi ilinoga, nikaingiza sandarusi katika nyufa zote za dirisha. Mwaka uliotangulia mjomba alikuwa amepigilia dari ya mbao. Jioni bibi aliingia, akafunga mlango, akasimama katikati ya chumba bila kusema kitu. Kisha akaniambia, "Mume wangu, leo umenijengea nyumba." Bibi zetu hututania hivyo, lakini nilijisikia mkubwa.

Usiku wa tatu palikuwa na baridi kali. Bibi alifanya jambo ambalo amelifanya kila kipupwe tangu sijazaliwa: alichukua jiko la mkaa lililokwisha kupika, likiwa na makaa mekundu yaliyofunikwa majivu, akaliingiza chumbani, na kando yake akaweka sufuria ya maji. Mimi nilimwona akilibeba. Tena nilimfungulia mlango.

Kiasi cha saa 7 usiku nilisikia mtoto akilia kwa sauti ndogo, kama anayelia usingizini. Nilipofika alikuwa ametapika. Bibi alikuwa ameketi kitandani ameshika kichwa kwa mikono miwili, akasema ataamka sasa hivi, lakini hakuamka. Aliponyosha miguu ilimkataa. Nilimtoa mtoto kwanza, nikamrudia bibi nikamkokota mpaka uani, nikawafunika kwa mablanketi, nikapiga kelele majirani wakaja. Sakitu ilikuwa imeanza kuanguka. Baada ya muda bibi alianza kuuliza ni nani amemtoa nje na baridi yote hiyo, ndipo nikajua kwamba amepona. Asubuhi tuliwapeleka zahanati. Mganga aliuliza, "Jiko lilikuwa ndani?" Bibi akasema ndiyo, lakini limekuwa likikaa ndani miaka yote na hakuna aliyepata kuumwa. Mganga akauliza tena, "Safari hii kuna kilichobadilika?" Bibi alinitazama, akamjibu kwamba mlango umetengenezwa, na umetengenezwa vizuri sana.

Sasa turudi kwenye ile hesabu. Mita za ujazo 28.8 za hewa kwa kila saa, ambazo niliziita hasara, ndizo zilizokuwa zikimlinda bibi yangu kwa miaka yote hiyo. Mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi. Tusiichanganye na hewa ukaa tunayoitoa puani. Hii nyingine haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho kama moshi wa kuni, hivyo mtu hapati onyo. Ikiingia mapafuni hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo damu huendelea kuzunguka mwilini bila kubeba kitu cha maana. Mtu huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, na miguu kukosa nguvu. Na aliyelala huenda asiamke kabisa. Makaa yaliyofunikwa majivu, ambayo watu huyaona yamepoa, huendelea kuitoa. Sufuria ya maji haisaidii chochote, kwani hewa hiyo karibu haiyeyuki katika maji. Mimi haya niliyasoma katika Kemia kidato cha tatu, nikayajibu katika mtihani, nikapata alama zote. Jioni ile nikifungua mlango hayakunijia.

Kwa hiyo utaratibu ni huu, nao hutangulia rula na misumari: kabla ya kuziba mwanya wowote, uliza chumba hicho huwashwa nini. Kama ni jiko la mkaa, au kuni, au jiko la mafuta ya taa, jiko litoke kwanza, lisirudi. Wala mtu asidhani kwamba akiacha dirisha wazi kidogo ataweza kulala na makaa; mahali pa jiko ni nje au jikoni penye hewa. Na hata pasipo na moto, acha tundu dogo juu ya dirisha, maana watu hupumua. Tundu la juu halimpigi mtu miguuni kama la chini.

Ukimkuta mtu amelewa hewa hiyo, fungua mlango wote, mtoe nje hata kama ni baridi, mpeleke hospitali ingawa anasema amepona.

Badala ya jiko, bibi sasa hutumia dumu la lita 3 la maji ya moto, ambalo hulifunga barabara, akalizungushia sweta ya zamani na kuliweka miguuni ndani ya blanketi. Maji yasiwe ya kuchemka sana, dumu lisije likalainika na kumwunguza mtu. Hukaa na joto mpaka karibu na alfajiri ikiwa chumba kimezibwa chini. Tofali lililopashwa moto jikoni na kuviringishwa katika gunia nalo hufaa, ila majivu huchafua shuka. Sandarusi ya dirishani niliitoa yote. Utepe wa mpira nilitaka kuung'oa asubuhi ileile tuliporudi zahanati, nikaenda na koleo, lakini bibi alikataa. Alisema mlango haujamkosea mtu.

Mlango wa bweni letu nimeupima pia: upana sentimita 90, mwanya sentimita 3 katikati. Humo hamna moto wa aina yoyote, na madirisha yana matundu ya hewa juu, basi sioni kizuizi. Nimebakiza kipande cha tyubu chenye urefu wa sentimita 60 tu. Aliye na kipande kingine, na vizibo sita, anione baada ya prepo.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne